Dirisha la Nane

4 Juni

Dada Pindo,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo, ila tumelowa. Sitanii, dada. Tangu mimi na wifi yako tuhamie kwenye boti ya marehemu Mzee, huu ni mwezi wa tatu sasa, hatujawahi kuamka wakavu.

Boti unaijua: chuma kitupu, chumba kimoja kirefu, madirisha manne kushoto, manne kulia, jiko mlangoni na kitanda cha Mzee kule mwisho. Baridi ya ziwa ikishuka, na sisi tukipika na kupumua humo ndani, vioo vinaanza kutoa jasho. Kwanza vitone, halafu michirizi, halafu maji yanashuka ukutani mpaka kwenye godoro. Kila asubuhi nazunguka na taulo nikikausha, na nikifika dirisha la mwisho, la kwanza limeshaanza upya. Juzi wifi yako kavaa kiatu, akakuta kina maji. Akanitazama bila kusema neno. Bora angepiga kelele.

Jana ndipo aliposema. Kasema ama maji haya yakome, ama yeye anarudi kwao akalale pakavu, na mimi nibaki na boti yangu tuoane vizuri. Nikamwambia, tulia mke wangu, nina dada fundi wa mapazia, mji mzima unamjua. Akanijibu, "Basi mwandikie yeye, usimsifie kwangu."

Ndiyo nakuandikia. Ningepiga simu, lakini simu yangu ya tatu imezama wiki iliyopita nikiwa nimeinamia injini ya watu. Fundi wa injini za boti hafai kuvaa shati lenye mfuko, sasa nimeelewa.

Najua boti hii hutaki hata kuisikia. Sikuombi uipende. Naomba mapazia tu.

Mdogo wako,
Spana

12 Juni

Spana,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Hivyo ndivyo watu wanavyoanza barua, ili aliyekuandikia asikae akijiuliza kama imefika au imeliwa na panya wa posta.

Pole kwa kulowa, na mpe pole wifi yangu, yeye ndiye ninayemwonea huruma. Wewe ulizaliwa na maji puani.

Sasa sikiliza. Vipimo vya namba sivitaki. Mteja akiniletea namba, najua nitashona mara mbili. Nakutumia karatasi ya kukatia, ile nyembamba inayoonyesha upande wa pili. Ibandike kwenye kioo, kikiwa na jasho itashika yenyewe, halafu pitisha penseli kufuata fremu. Kila dirisha na karatasi yake, maana boti aliyoichomelea baba yetu haina madirisha mawili yanayofanana. Hesabu kushoto kuanzia mlangoni, la kwanza mpaka la nne, kisha kulia, la tano mpaka la nane. La nane liwe lile la kichwani mwa kitanda.

Kitambaa nimeshachagua: kizito, chenye bitana. Baridi haitapita. Nina miaka kumi na sita kwenye kazi hii na hakuna dirisha lililowahi kunishinda.

Umesema sitaki kusikia habari za boti. Kweli sitaki. Siku naondoka nyumbani kwenda kujifunza ushonaji nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Mzee alikuwa chini ya injini. Nikasema, "Baba, naondoka." Hakutoka. Niliaga miguu yake, Spana. Halafu nikamwandikia. Miaka tisa, barua thelathini na moja, nilizihesabu. Hakunijibu hata moja. Sikutaka kurasa na kurasa. "Nimeipata" tu, neno moja, lingemvunja mkono? Nikaacha kuandika, na mwaka jana nikaja kuzika mtu ambaye sijui kama aliwahi kufungua hata bahasha yangu moja. Siku ya mazishi sikuikanyaga ile boti, na sitaikanyaga. Mapazia yatakuja yenyewe.

Dada yako,
Pindo

20 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Umeona? Nimejifunza.

Karatasi hizi hapa, nane. Wifi yako alishika juu, mimi nikapitisha penseli chini, tukagombana mara mbili tu. La tatu limepinda upande, usidhani nimekosea, ni Mzee alilichomelea siku anasikiliza mpira redioni. La saba ni dogo kuliko wenzake na hakuna anayejua kwa nini.

Kuhusu Mzee. Dada, bahasha zako zilifunguliwa. Zote. Hilo naweza kulisema. Zaidi ya hapo niliapa mbele yake, mkono juu ya injini, na sasa hayupo wa kuniambia basi, sema. Alikuwa na sababu. Usiniulize, tafadhali, maana ukiniuliza mara ya pili nitasema, na nikisema sitalala.

Spana

2 Julai

Spana,

Sababu! Kila mtu ana sababu. Hata aliyeniletea kitambaa kilichofifia jana alikuwa na sababu.

Sikuulizi. Umeapa, kaa na kiapo chako. Ila ujue kwamba kuniambia zilifunguliwa zote kumenichoma zaidi kuliko nilipokuwa sijui. Kumbe alikuwa anasoma, anakunja, anaendelea na injini zake.

Mapazia haya hapa, manane, kila moja lina namba yake kwenye upindo. Yatundike karibu kabisa na kioo, yashike ukuta pande zote, hewa baridi isipate pa kupenya. Mwambie wifi sasa atalala kama mtoto.

Pindo

14 Julai

Dada,

Shikamoo, na samahani kabla sijaanza.

Mapazia ni mazuri mno. Wifi yako alipoyaona aliyapitisha shavuni. Siku tatu boti ilikuwa kama chumba cha maharusi. Siku ya nne yakaanza kuwa mazito. Siku ya saba nikavuta la pili, likaja na fimbo yake, misumari, na kipande cha rangi ya ukuta. Yamekunywa maji, dada. Nyuma yake vioo vinatoa jasho maradufu na hakuna hewa ya kukausha. Bitana imeota kuvu, madoa meusi. La nane linanuka soksi. Nimelikamua likatoa nusu ndoo ya maji, na usiseme natia chumvi, wifi yako ndiye aliyepima. Sikumtuma.

Ameniambia nikueleze kwamba hajafunga mizigo. Ila begi amelitoa uvunguni.

Kuna kitu kingine, kidogo. Nilipovuta pazia la sita, kioo kilikuwa kimejaa ukungu mzito, sijawahi kukiona hivyo, na nikaona kama kina michoro. Jua likaingia, ikapotea. Labda ni macho yangu, sijalala vizuri.

Nifanyeje?

Spana

22 Julai

Spana,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma nimekaa chini. Nusu ndoo!

Nimemeza kiburi changu na maji juu. Jirani yangu hapa ni fundi wa viti vya magari, mtu ambaye nimemcheka miaka yote kwa manailoni yake. Nikaenda nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza akanifundisha, na kwa kweli anajua. Anasema mvuke wa jikoni na wa pumzi zenu ukikutana na kioo cha baridi lazima ugeuke maji. Mimi nikaja nikakizibia kioo joto la ndani kwa bitana yangu, kikazidi kuwa baridi, halafu nikawapa maji kitambaa cha kunywa. Kwenye nyumba ya matofali nilikuwa sahihi. Kwenye chuma juu ya maji nimefanya ujinga wa miaka kumi na sita kwa mkupuo mmoja.

Sasa tunaanza upya. Nashona kitambaa chepesi kisichonyonya, cha jamii ya mwavuli. Kitasimama mbali na kioo, na juu na chini kutakuwa na nafasi hewa ipite. Nyinyi fungueni yale matundu ya juu ya paa, funikeni sufuria mkipika, na msianike nguo ndani.

Lakini kabla ya yote, vioo vioshwe. Maji ya moto, sabuni na siki, kimoja kimoja, mara mbili, mpaka ukipitisha kidole kioo kilie. Kuvu halina haya, ukibakiza hata doa moja linarudi na ukoo wake. Na hayo unayoyaita michoro ni uchafu tu, masizi na mafuta ya injini ya miaka yote hiyo. Sugua. Usiponiandikia kwamba umeosha, sishoni.

Pindo

30 Julai

Dada Pindo,

Shikamoo. Kaa kwanza. Kama una mkasi mkononi, uweke chini.

Jumapili tulianza kuosha kama ulivyoagiza. Wifi yako akabandika sufuria kubwa, akafunga mlango maji yasipoe upesi, mimi na dodoki na chupa ya siki. Nikaosha la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mara mbili mbili, mpaka vikalia. Nikageukia upande wa kulia. Mvuke ulikuwa umejaa chumba kizima, na vioo vinne vya kulia vimekuwa vyeupe pee. Na vyote vinne vimeandikwa.

Wifi yako akaniuliza, "Umeandika saa ngapi?" Nikamwambia si mimi. Akasema, "Na mimi siye." Tukatazamana. Dodoki likanidondoka, dada.

La tano lina herufi moja tu, m, mistari sita. Za juu zinaanguka anguka kama mlevi, za chini zimesimama wima. La sita limeandikwa Baba mpendwa, Baba mpendwa, mara nane, kuanzia juu mpaka chini. La saba, lile dogo, limeandikwa Mwanao, Mwanao, Mwanao. Na la nane, la kichwani mwa kitanda chake, lina mstari mmoja:

Mwanangu mpendwa barua yako nime

Hapo imeishia. Chini yake kioo kina nafasi tele.

Wifi yako alikaa sakafuni pale pale penye maji. Nilikuwa naogopa hata kupumua, naona kama nikisogea Mzee ataacha kuandika. Kisha mvuke ukapungua, maneno yakaanza kufifia, nikapiga ukelele, "Chemsha tena!" Akachemsha. Yakarudi. Tumechemsha maji siku nzima, dada, bila kunywa hata chai.

Sasa navunja kiapo, na Mzee anisamehe. Mzee hakujua kusoma. Wala kuandika. Lile gazeti la jioni alikuwa anatazama picha. Zile "miwani nimesahau, nisomee wewe," hakuwa na shida ya macho hata kidogo, nati ikilegea ng'ambo ya gati alikuwa anaiona. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliniita, akafunga mlango, akachukua mkono wangu akauweka juu ya injini, akaniapisha nisimwambie mtu, na wewe hasa. Alikuwa anakuonea aibu, dada. Binti yake anaandika kurasa nne kwa mara moja.

Zote thelathini na moja nilimsomea mimi. Ulipokuwa umemkasirikia niliruka mistari. Alikuwa ananitazama, ananiambia, "Mbona karatasi imejaa na maneno ni machache?" Ikabidi nirudi nisome yote. Nikamwambia, Baba, sema maneno mimi nimwandikie. Akawaka moto. "Mwanangu kaniandikia kwa mkono wake, mimi nimjibu kwa mkono wa kuazima?" Nikajua ni kiburi. Miaka yote nilidhani ni kiburi, na nilimnunia moyoni mpaka siku anafariki.

Kumbe mimi nikishatoka asubuhi kwenda gatini, yeye anabaki anajifunza. Kwenye kioo! Karatasi mtu angeiokota. Kioo kikikauka hakina kitu, hakuna wa kumcheka. Ila kuna jambo hakulijua. Vidole vyake vilikuwa na grisi ya miaka arobaini, unakumbuka, hata mafuta ya taa hayakuitoa. Maji yalikauka, grisi ikabaki. Jasho la kila siku huwa michirizi tu, huoni kitu, inataka mvuke mzito. Nimepitisha taulo juu ya maandishi yake karibu miezi minne, kila siku ya Mungu, nikikausha na kulalamika.

Na manne ya kushoto nimeyaosha. Kwa sabuni na siki. Sijui yalikuwa na nini. Nimebandika sufuria mbili, nimepuliza kwa mdomo mpaka kichwa kikazunguka. Vioo vitupu. Nisamehe, dada.

Karatasi yako ya kukatia ilibaki. Nimeibandika juu ya dirisha la sita na la nane, nikapitisha penseli juu ya kila mstari polepole. Zimo humu ndani. Ni zake kabisa, mimi sikuongeza kitu.

Spana

7 Agosti

Spana mdogo wangu,

Barua yako nimeipata.

Nilifunga duka. Nikatandaza karatasi zako kwenye meza ya kukatia, nikaweka mkasi kona hii na pasi kona ile zisijikunje. Wateja wamegonga, wamechoka, wameondoka. Nimekaa nazo tangu asubuhi.

Spana, huu ni mwandiko wangu.

Unaijua p yangu, ile yenye mkia unaorudi nyuma kama ndoano. Nilichapwa kwa ajili yake darasa la pili na sikuiacha. Sijawahi kukutana na mtu mwingine anayeandika hivyo. Sasa iko hapa mezani mara tisa, mpendwa, mpendwa, mkia unarudi nyuma, na mkono si wangu. Alikuwa na barua zangu mbele yake, anazifuata mstari kwa mstari. Hata Baba mpendwa ni mwanzo wa barua zangu, na Mwanao ndiyo nilivyokuwa naweka sahihi. Hakuwa na mwalimu mwingine. Alidhani ndivyo p inavyoandikwa dunia nzima. Nilianza kucheka, na nilipojisikia nalia sikujizuia.

Nimepitisha kidole juu ya penseli yako. Herufi ya kwanza ameibonyeza kwa nguvu, unaona imekuwa pana. Alikuwa akishika nati hivyo hivyo. Mimi ninayejidai najua mkono wa kila fundi kwa kutazama mshono, sikuujua mkono wa baba yangu mpaka leo, nina miaka thelathini na mitano. Nashindwa kuelewa jambo hili limewezekanaje. Mtu amekufa mwaka mzima, na barua yake ilikuwa njiani.

Nikakukasirikia. Nusu saa hivi. Halafu nikakumbuka mtoto wa miaka kumi na mmoja na mkono wake juu ya injini, hasira ikaisha. Imebaki kidogo tu kwa Spana mtu mzima aliyeendelea kunificha, nayo itaisha.

Habari ya yale manne usiniombe msamaha. Nani aliagiza siki? Nani alisema ni uchafu, sugua? Mimi, kwa kalamu yangu mwenyewe. Na bila lile pazia langu la kijinga na kuvu lake nisingeagiza maji ya moto, na maandishi yangebaki yamejificha. Kwa hiyo sijui nijilaumu au nijipongeze. Hayo manne tutayabeba wote wawili.

Hilo nime nimelimalizia kila namna. Nimeipata. Nimeisoma. Nimechelewa. Nimeirudia mpaka neno limepoteza maana. Sitajua, na naanza kuona naweza kuishi bila kujua.

Sasa mapazia, maana wifi yangu bado analala kwenye maji. Nimekata saba. La kwanza mpaka la nne ni ya kawaida. La tano, la sita na la saba nimeyawekea vyuma viyasimamishe mbali na kioo kiganja kizima, hata upepo ukivuma yasiguse. La nane halina pazia na halitakuwa nalo. Wifi akiona haya kutazamwa na samaki, ajifunike shuka. Upande wa kulia usioshe, usikaushe, taulo lisikaribie. Maji yakishuka, yachukue chini kwa sponji yakishafika kwenye fremu.

Nayaleta mwenyewe. Ndiyo, umesoma vizuri. Nitafika tarehe 18, nitakaa siku mbili.

Dada yako,
Pindo

20 Agosti
(juu ya meza, chini ya kikombe)

Spana,

Wewe uko gatini, wifi kaenda sokoni, gari langu linaondoka saa nne. Nakuandikia hapa hapa, kwenye meza yake.

Asanteni kwa kunipokea juzi. Nilipoweka mguu kwenye boti wifi akanishika mkono bila kuuliza kitu. Mtunze huyo mwanamke. Begi lake nimeliona limerudi uvunguni, nikafurahi kimya kimya.

Mapazia yamekubali. Yamekubali mno! Jana asubuhi niliamka kabla yenu, nikatazama dirisha la nane. Kavu. Leo nikatazama tena. Kavu kabisa, naona mlima ng'ambo. Matundu ya paa yanavuta hewa, vitambaa havinyonyi, kila kitu kinafanya kazi kama yule fundi wa viti alivyosema. Nimesafiri siku nzima kuja kusoma barua, na mapazia yangu mwenyewe yameifunga.

Kwa hiyo mlipotoka nilifunga matundu yote, nikabandika ile sufuria kubwa, nikaondoa mfuniko. Nikakaa kitandani kwake nikisubiri. Ilianza la tano. M moja, halafu nyingine, zinatoka moja moja kwenye kioo kana kwamba anaziandika sasa hivi. La sita. La saba. Nilikuwa naogopa kugeukia la nane. Nilipogeuka ilikuwa imeshamaliza kutoka yote, mpaka pale kwenye nime, na nyuma yake ziwa linang'aa na jua lake. Spana, ulinieleza, ukanitumia na karatasi, na bado sikuwa tayari. Nilisimama. Nikajikuta nimesema, "Shikamoo, Baba," kwa sauti, peke yangu ndani ya boti.

Nimekaa nayo mpaka ikafifia. Halafu nimejibu. Grisi yako iko kwenye kopo jekundu, nimechota kidogo.

Ukirudi, chemsha maji.

Pindo

21 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Zote mbili.

Jana nimerudi kutoka kazini, nikakuta kopo la grisi lina alama ya kidole chako katikati. Nikamwita wifi yako. Tukafunga matundu, tukabandika sufuria, tukakaa kitandani bega kwa bega. Yakatoka ya Mzee kwanza, kama kawaida yake, halafu chini yake, kwenye ile nafasi aliyoiacha, yakaanza kutoka yako. Mikia ya p yote inarudi nyuma, juu na chini. Wifi yako akasema mtu asiyejua angeapa ni mkono mmoja.

Leo asubuhi tumeifungulia matundu, boti imekauka, kioo kimekuwa kitupu na ziwa limeonekana. Kila Jumapili tutachemsha. Tumekubaliana hivyo.

Nimekunakilia kwenye karatasi yako ya kukatia, kipande cha mwisho kilichobaki, ili nawe uwe nayo kama ilivyo, ya kwake juu na ya kwako chini:

Mwanangu mpendwa barua yako nime

Baba mpendwa, barua yako nimeipata. Mimi sijambo.

Mdogo wako,
Spana